Goti Likishafanyiwa Upasuaji, Kazi Ndiyo Kwanza Imeanza

Anayefuatilia kandanda ya mitaani Eastlands, Nairobi, iwe ni uwanjani Camp Toyoyo kule Jericho, kwenye mechi za Koth Biro pale Ziwani au katika viwanja vya vumbi vya Kayole na Dandora, amewahi kuliona jambo hili. Mchezaji ametoroka na mpira, hakuna aliye karibu naye. Anakanyaga, anajipinda ghafla kumhepa beki, kisha anaanguka akilikumbatia goti. Refa hapigi filimbi kwa sababu hakuna aliyemgusa. Wenzake huapa kwamba walisikia kitu kikialika. Kufikia jioni goti limefura, halikunjiki wala halinyooki, na habari zimeshafika mtaa wa pili kwamba fulani kavunjika goti.

Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika. Kilichokatika ni kano ya mbele iliyo katikati ya goti, ile ambayo madaktari, makocha na hata vijana wa mtaani siku hizi huiita ACL. Mchango unaanzishwa kwenye WhatsApp, pesa za picha ya MRI zinasakwa, na mgonjwa akiketi mbele ya mtaalamu huwa na swali moja tu: "Daktari, nitarudi uwanjani lini?"

Swali hilo lina haki yake. Lakini sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia hulipokea goti lilo hilo mara ya pili, miaka 10 au 15 baadaye, likiwa sasa ni la baba wa watoto wawili anayeishi ghorofa ya nne Umoja na anayeshika ukuta akipanda ngazi. Huyo hana habari na uwanja tena. Anataka kujua kwa nini goti linakauka asubuhi, kwa nini linavimba akisimama kutwa kazini, ilhali alifanyiwa upasuaji na akaambiwa amepona.

Jibu kwa ufupi ni kwamba upasuaji hurudisha uthabiti wa goti ila haufuti jeraha. Hali ya goti miaka 20 baadaye hutegemea sana mambo manne: meniskasi imebaki kiasi gani, misuli ya paja ina nguvu kiasi gani, mwili una uzito gani, na kama goti limeumia tena. La kwanza huamuliwa zaidi na ajali yenyewe na mkono wa daktari wa upasuaji. Matatu yaliyobaki yamo kwa kiasi kikubwa mikononi mwa mwenye goti.

Kilichoumia si kano peke yake

Goti ni mahali fupa la paja linapokutana na mfupa wa muundi, huku pia ya goti ikikaa mbele. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu laini inayoteleza. Kati yake kuna vipande viwili vya gegedu ngumu vinavyoitwa meniskasi, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje, ambavyo husambaza uzito wa mwili usiangukie sehemu moja. Ndani kabisa, kano mbili zinapishana: moja ya mbele, moja ya nyuma. Ile ya mbele ina urefu wa sentimita 3 hivi na upana wa sentimita 1. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele na usizunguke kupita kiasi mtu anapokata kona au kutua kutoka hewani. Ndiyo maana takriban ajali 7 kati ya 10 za kano hii hutokea bila mchezaji kugongwa na yeyote.

Sasa fikiria kinachotokea katika sehemu ile ndogo ya sekunde. Kano inakatika, mfupa wa muundi unachomoka, na mifupa miwili inagongana kwa nguvu. Picha ya MRI ikipigwa katika wiki za kwanza, wengi huonekana wamevilia damu ndani ya mfupa. Meniskasi nayo mara nyingi hupasuka, ama siku hiyo hiyo, ama baadaye goti linapoendelea kuteguka. Damu hujaa ndani ya goti, na kemikali za uvimbe zinazotolewa humo huanza kuila gegedu tangu siku za mwanzo. Daktari wa upasuaji anaweza kuweka kano mpya. Pigo ambalo gegedu ilishalipata hawezi kuliondoa.

Uzito wa suala la meniskasi ulionekana zamani. Mwaka 1948 daktari Mwingereza aitwaye Fairbank alieleza mabadiliko aliyoyaona kwenye eksirei za watu waliokuwa wameondolewa meniskasi. Enzi hizo kipande hicho kilihesabiwa kuwa kitu kisicho na faida, kikipasuka kinatolewa chote. Leo daktari makini hukishona kikishoneka, na akilazimika kukata, hukata kidogo iwezekanavyo. Kwa hiyo mgonjwa anayetoka chumba cha upasuaji aulize mambo mawili: kano imewekwa vipi, na meniskasi imefanywa nini. Jibu la swali la pili linaeleza mengi zaidi kuhusu maisha yake ya baadaye.

Takwimu zinasemaje

Mwaka 2004 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wanawake wacheza soka waliokuwa wamekatika kano ya mbele miaka 12 iliyotangulia. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 31. Kati ya waliopigwa eksirei, 82 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko gotini, na nusu ya wote, 51 katika 100, walikuwa wameshafikia kiwango cha ugonjwa wa uchakavu wa goti, ule ambao hospitalini huitwa osteoathritisi. Haya ni maradhi tuliyozoea kuyahusisha na bibi na babu. Tena zaidi ya nusu ya wanawake hao walikuwa wamewekewa kano mpya, na eksirei zao hazikuwa nafuu kuliko za wale ambao hawakupasuliwa. Wanaume wacheza soka wa nchi hiyo waliochunguzwa miaka 14 baada ya kuumia hawakuwa mbali sana: 41 katika 100 walikuwa na mabadiliko makubwa.

Mwaka 2009 watafiti wa Norway walipitia tafiti nyingi za aina hiyo, wakatenga zile zilizofanywa kwa umakini zaidi. Walikuta kwamba mtu aliyekatika kano peke yake, meniskasi ikiwa salama, alikuwa na uwezekano wa kati ya asilimia 0 na 13 wa kupata uchakavu baada ya miaka 10 au zaidi. Meniskasi nayo ikiwa imeumia, uwezekano ulipanda hadi kati ya asilimia 21 na 48.

Takwimu hizi zisomwe kwa utulivu. Eksirei na maumivu haviendi sambamba. Wako watu ambao picha zao zinatisha lakini wanatembea kutoka Makongeni hadi mjini bila taabu, na wako wenye picha safi wanaolia usiku. Linalothibitika ni kwamba goti lililokatika kano limeingia katika kundi la kuangaliwa, hata kama sasa haliumi.

Upasuaji una kazi yake

Nisieleweke kwamba nawakataza watu kisu. Katika upasuaji huu daktari huchukua kipande cha mshipa wa misuli kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, aghalabu nyuma ya paja au chini ya pia ya goti, akakipitisha kwenye matundu aliyotoboa katika mifupa miwili na kukikaza. Kwa mchezaji anayetaka kurudi kwenye michezo ya kukata kona na kuruka, au kwa mtu ambaye goti linamteguka hata akishuka matatu, huo ni msaada mkubwa, na huisaidia meniskasi isiendelee kuchanika.

Hata hivyo kuna utafiti mmoja ambao kila familia inayochanga pesa ingefaa iusikie. Uliitwa KANON, ukafanyika Sweden, na matokeo yake ya kwanza yalitoka mwaka 2010. Vijana 121 wenye mazoea ya michezo waligawanywa kwa kura: 62 walipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, 59 walianza na mazoezi, upasuaji ukawekwa akiba kwa atakayeuhitaji. Baada ya miaka 2, makundi hayo hayakutofautiana kwa maumivu, kwa uwezo wa kufanya kazi wala kwa michezo. Kufikia mwaka wa tano, 30 kati ya wale 59 walikuwa wameamua kupasuliwa. Waliobaki, karibu nusu, hawakuhitaji.

Kwa mtu wa Eastlands, maana ya matokeo hayo iko wazi. Kijana anayesubiri mchango ukamilike, au anayefuatilia kama SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, itamlipia kiasi gani, hana sababu ya kulala kitandani akisubiri. Mazoezi anayoyafanya sasa ni matibabu kamili. Huenda yakamtosha, na yasipomtosha, atafika kwenye meza ya upasuaji akiwa na goti linalonyooka na paja lenye nguvu, jambo linalosaidia kupona. Hospitali kubwa za umma kama Mama Lucy Kibaki na Kenyatta zina idara za fiziotherapia, na hakuna haja ya kungoja tarehe ya upasuaji ndipo uende.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, vijana wa KANON hawakuachwa wajifanyie watakavyo. Mazoezi yao yalisimamiwa na kupandishwa hatua kwa hatua kwa miezi mingi, na wachezaji wa kulipwa hawakuhusishwa. Pili, goti lililokwama, lisilonyooka kabisa hata ukilisaidia kwa mkono, huenda limebanwa na kipande cha meniskasi kilichochanika. Hilo ni la daktari wa mifupa, tena upesi.

Kuhusu wakandaji, sina ugomvi nao. Wengi wamewasaidia jirani zao kwa misuli iliyokaza na mgongo uliochoka. Lakini goti lililovimba ndani ya saa chache baada ya kualika lina damu ndani yake. Kulikanda kwa nguvu na mafuta ya moto huongeza uvimbe na kuchelewesha uchunguzi. Wiki ya kwanza lipewe barafu iliyofungwa kitambaa, lifungwe bandeji, liinuliwe, na mwenyewe aende akaonekane.

Kano mpya haina haraka

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kipande kilichowekwa hakikuzaliwa kano. Mwili hukifanyia kazi upya: chembe zake za mwanzo hufa, mishipa ya damu hukiingia taratibu, nyuzi zake hujipanga upya. Katika miezi ya mwanzo ya ukarabati huo hudhoofika kabla hakijaimarika, na safari nzima huweza kuchukua mwaka 1 hadi 2. Balaa ni kwamba wakati huo ndipo mgonjwa anapojihisi mzima. Uvimbe umekwisha, magongo amerudisha, anatembea bila kuchechemea. Mwezi wa tano kocha anampigia simu: tuko nusu fainali, ingia dakika 20 tu za mwisho. Mashabiki wameweka pesa. Kijana anavaa njumu.

Utafiti wa pamoja wa Delaware na Oslo uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata wagonjwa 106. Ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliosubiri, mpaka kufika mwezi wa 9, ulipunguza kasi ya kuumia tena kwa takriban nusu. Waliorudi kabla ya kufaulu majaribio ya nguvu na kuruka, 38 katika 100 waliumia tena. Waliofaulu kwanza ndipo wakarudi, ni chini ya 6 katika 100. Uchambuzi mwingine wa mwaka huo huo ulikuta kwamba kati ya wanamichezo wa chini ya miaka 25 wanaorudi kwenye michezo baada ya upasuaji huu, karibu 1 katika 4 hukatika kano tena, katika goti lile lile au la pili.

Kila kukatika tena ni pigo jipya kwa gegedu na meniskasi. Kwa hiyo subira ya mwezi wa 9 inalinda msimu ujao na pia ngazi za ghorofa utakazopanda ukiwa na miaka 45. Na kutimia kwa miezi 9 peke yake hakutoshi. Mguu ulioumia uwe umefikia angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na uruke kwa mguu mmoja umbali unaokaribiana na ule mzima, ukitua bila goti kuingia ndani.

Paja ndilo mlinzi

Mgonjwa mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye miaka thelathini na kitu, aliketi kitandani mwangu akakunja suruali ya kazi hadi juu. Aliumia akiwa na umri wa miaka 21, akapasuliwa, akacheza misimu michache kisha akaacha. "Daktari, si ni mafuta ya goti yameisha?" aliniuliza. Nilichukua utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani, nikahesabu sentimita 15 juu ya pia ya goti kwa kila mguu, nikauzungusha. Paja la mguu uliopasuliwa lilikuwa jembamba kuliko lenzake kwa sentimita 3. Kisha nikamwomba ainuke kutoka kwenye kiti kwa mguu mmoja, mikono ikiwa kifuani. Mguu mzima uliinuka mara kumi bila shida. Ule mwingine ulimwinua mara mbili, goti likitetemeka na kuelekea ndani, mara ya tatu akarudi kukaa kwa kishindo. "Ndugu yangu," nikamwambia, "mafuta yapo. Aliyekwenda ni mlinzi."

Misuli ya mbele ya paja ndiyo inayopokea kishindo cha kila hatua kabla hakijafika kwenye gegedu. Goti likivimba, hata kwa maji kidogo, uti wa mgongo na ubongo huizima misuli hiyo kama njia ya kujikinga. Mtu hujaribu kuikaza na haikazi. Ikikaa hivyo wiki kadhaa hunywea, na isiporudishwa kwa makusudi hairudi yenyewe, hata mtu akitembea kila siku kutoka Donholm hadi Burma. Kutembea ni kuzuri, lakini hakujengi paja lililonywea. Watafiti wa Sweden waliwahi kuonyesha kwamba watu wa makamo wenye maumivu ya goti walioshindwa kuinuka mara nyingi kwa mguu mmoja kutoka kwenye kiti kifupi ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuonyesha uchakavu kwenye eksirei miaka 5 baadaye.

Dawa ya hili haiuzwi. Katika wiki za kwanza baada ya kuumia au kupasuliwa, lengo ni mawili: goti linyooke kabisa kama lenzake, na paja likaze. Weka kisigino juu ya mto, acha goti lishuke lenyewe kwa dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Kisha kaza paja ukisukuma nyuma ya goti kitandani, hesabu hadi tano, achia. Goti lililoachwa limepinda kidogo, hata kwa nyuzi chache, humfanya mtu achechemee maisha yake yote na kuibebesha pia ya goti mzigo usio wake.

Baadaye, kwa ruhusa ya anayekutibu, ngazi za ploti yako ndizo jimu. Panda ngazi moja kwa mguu ulioumia, shuka polepole ukihesabu hadi tatu. Kaa na kuinuka kwenye kiti, kwanza kwa miguu miwili, kisha mmoja ukisaidiwa na mwingine, mwisho mmoja peke yake. Lala chali, inua kiuno ukisukuma kwa visigino, ili misuli ya nyuma ya paja nayo ipate kazi. Fanya mizunguko mitatu ya mara 8 hadi 12, siku 2 au 3 kwa wiki. Mara ya 12 ikiwa rahisi, vaa begi mgongoni lenye chupa za maji. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Kipimo ni kesho yake asubuhi. Goti likiamka limevimba au linauma kuliko jana, punguza mzigo, usiache zoezi.

Mzigo wa kila siku

Mchezaji akiacha mpira, njaa haiachi. Katika miaka mitano ya kwanza wengi huongeza uzito, chipsi za jioni zikisaidia. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa watu wazima wenye uzito mkubwa na uchakavu wa goti ulikuta kwamba kila kilo 1 iliyopunguzwa iliondoa takriban kilo 4 za mzigo gotini katika kila hatua. Aliyepunguza kilo 5 amelipunguzia goti kilo 20 kila anapokanyaga.

Kilo 20 ndio uzito wa mtungi wa maji wa lita 20. Katika mitaa mingi ya Pipeline, Tassia, Kayole na Umoja, maji yakipotea mtungi huo hubebwa kwa mkono hadi ghorofa ya tano, na lifti hakuna. Mwenye goti lenye historia agawe mzigo: mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, ni nafuu kuliko mmoja wa 20 unaomvuta upande mmoja. Akipanda, atangulize mguu mzima. Akishuka, atangulize ule ulioumia, na mkono, ukiwa hauna mzigo, ushike reli. Anayefua nguo akiwa amechuchumaa kwa saa nzima apandishe beseni juu ya kiti. Hayo ni kwa siku goti linapouma. Likitulia, ngazi zirudi kuwa mazoezi.

Kwa maana kulikalisha goti si kulitunza. Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa goti unaoingia na kutoka inapobanwa na kuachiliwa, kama sifongo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta uchakavu wa nyonga na magoti kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wasiokimbia kabisa. Wakimbiaji wa mashindano walikuwa 13.3. Anayekimbia taratibu asubuhi kando ya Outer Ring, akiwa na paja lenye nguvu na goti lisilovimba, hajiharibu.

Vidonge, sindano na mafuta ya goti

Imani kwamba goti lina mafuta yanayoisha imewatajirisha wauzaji wengi wa vidonge na supu. Ute wa goti hutengenezwa na goti lenyewe kila siku, na goti bovu mara nyingi huwa nao mwingi kupita kiasi, ndiyo maana linavimba. Kinachopungua ni gegedu, na hakuna kidonge kilichothibitishwa kuiotesha upya.

Diclofenac na dawa jamaa zake zinapunguza maumivu kweli, na kwa siku chache zina kazi yake. Kuzimeza mwezi baada ya mwezi kwa kununua chemisti bila kupimwa ni kuhatarisha tumbo, figo na shinikizo la damu. Sindano ya steroidi ndani ya goti nayo inaweza kutuliza uvimbe kwa wiki kadhaa. Lakini mwaka 2017 utafiti wa Marekani uliowadunga watu 140 kila baada ya miezi 3 kwa miaka 2, nusu steroidi na nusu maji ya chumvi, ulikuta kwamba steroidi haikushinda maji kwa maumivu, ila waliodungwa hiyo walipoteza gegedu zaidi. Mara moja moja, kwa sababu maalumu, sawa. Kuifanya desturi ya kila msimu, hapana.

Mabinti na makocha

Wasichana wanaocheza soka na mpira wa vikapu hukatika kano ya mbele mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana wa michezo hiyo hiyo. Eastlands ina wasichana wengi uwanjani, kwa sehemu kwa sababu ya MYSA, shirika la michezo la vijana lililoanzishwa Mathare mwaka 1987. Kwa hiyo kinga ni jambo la kila timu. Programu ya FIFA 11+, ya dakika kama 20 za kukimbia, kukaza tumbo, kujenga paja na kujifunza kutua, ilijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wenye umri wa miaka 13 hadi 17. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha majeraha makubwa na ya kutumika kupita kiasi yakipungua waziwazi katika timu zilizoifuata. Haihitaji mashine wala nyasi. Inahitaji kocha atakayesema mpira hauguswi mpaka dakika hizo ziishe, mara 2 au 3 kila wiki, bila kuacha katikati ya msimu.

Kocha huyo huyo aangalie njumu. Nyingi zinazotoka soko la mitumba la Gikomba zilitengenezwa kwa viwanja laini vya Ulaya. Meno yake marefu hushika ardhi ngumu au nyasi bandia, mguu ukabaki pale mwili unapogeuka. Meno mafupi na mengi yanafaa zaidi kwa viwanja vyetu.

Na mchezaji wake akirudi kutoka hospitalini, kocha asiishie kumuuliza miezi mingapi imepita. Amweke kwenye kiti, amwambie ainuke kwa mguu mmoja mara kumi, kisha amwone anavyoruka na kutua. Kwa anayesoma haya akiwa na goti lililopasuliwa miaka mingi iliyopita, jaribio ni lile lile na hajachelewa. Misuli hujibu mazoezi hata katika umri wa miaka 60, na mazoezi ya nguvu ni miongoni mwa matibabu ya kwanza yanayopendekezwa kwa goti lililokwisha kuchakaa. Chukua kiti, jipime leo, uandike idadi ya kila mguu. Tofauti utakayoiona ndiyo kazi ya miezi 3 ijayo, na siku ya kwanza isizidi kesho.